Ufadhili wa Kimataifa wa Utafiti Baada ya Uzamivu na Nafasi ya Kiswahili: Mfano wa Mtaa wa Kaloleni, Nairobi

Utangulizi

Mtu anapohitimu shahada ya uzamivu, jamaa na marafiki humpokea kwa vifijo kana kwamba safari ya elimu imefika ukingoni. Katika ulimwengu wa taaluma, hata hivyo, hapo ndipo safari nyingine inapoanza. Tasnifu ni kazi iliyoandikwa ili isomwe na watahini wachache. Bado si kitabu, na mara nyingi haiwafikii hata watu iliyowachunguza. Ili tasnifu iwe kitabu, mwandishi wake huhitaji mwaka mmoja au miwili ya kurudi uwandani, kusoma upya na kuandika bila kukatizwa na ratiba ya kufundisha. Muda huo una gharama. Ufadhili wa utafiti baada ya uzamivu ndio unaoilipa.

Makala hii inaeleza jinsi ufadhili wa aina hii unavyofanya kazi, masharti yake ya kawaida, na athari ya masharti hayo kwa msomi wa Kiswahili aliyeko Afrika Mashariki. Mfano unaotumiwa ni mtaa wa Kaloleni, mmojawapo wa mitaa ya zamani ya Eastlands, Nairobi. Hoja ya msingi ni kwamba ufadhili hauamui tu nani atakayetafiti. Huamua pia mtafiti ataketi wapi na ataandika kwa lugha gani. Na maarifa yenyewe hukaa alikoketi mtafiti.

Maana ya dhana na chimbuko lake

Ni muhimu kutofautisha dhana tatu ambazo aghalabu huchanganywa. Basari, kama neno hilo linavyotumika nchini Kenya, ni msaada wa karo kwa mwanafunzi asiyejiweza. Ufadhili wa masomo humlipia mwanafunzi gharama za kusomea shahada fulani, na humalizika anapotunukiwa shahada hiyo. Ufadhili wa baada ya uzamivu ni kitu kingine kabisa. Anayeupata si mwanafunzi, halipi karo, na hasubiri cheti. Hulipwa posho ya kujikimu, nauli na gharama za uwandani ili afanye utafiti wake mwenyewe katika taasisi inayompokea. Taasisi hiyo ndiyo inayoitwa mwenyeji.

Chimbuko la utaratibu huu si fasihi wala isimu. Mwaka 1919, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, kwa fedha za Wakfu wa Rockefeller, lilianza kuwafadhili vijana waliokwisha kupata uzamivu katika fizikia na kemia. Baadaye utaratibu huo ulienea katika taaluma nyingine na nchi nyingine. Nchini Ujerumani, kwa mfano, Wakfu wa Alexander von Humboldt, ulioundwa upya mwaka 1953, umekuwa ukiwaalika watafiti wa kigeni kufanya kazi katika vyuo vya nchi hiyo.

Historia hii ina maana kubwa. Mwanafizikia hulazimika kuzifuata mashine ziliko. Asipohama, hana maabara. Kwa hiyo uhamaji ulifumwa ndani ya ufadhili tangu mwanzo. Mtafiti wa Kiswahili yuko katika hali tofauti kwa sababu maabara yake ni watu wanaozungumza. Anapotakiwa kuhama ili afadhiliwe, huenda akawa anatakiwa kuiacha maabara yake nyuma.

Katika Kenya, uhamaji huo umepata pia sura ya kihistoria. Septemba 1959, wanafunzi 81 waliabiri ndege kuelekea Marekani katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya, aliyekuwa mwakilishi wa Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria tangu 1957. Mpango huo, ambao uliendelea kwa miaka kadhaa, uliwaandaa watu ambao taifa changa liliwahitaji sana. Wakati huo ilikuwa lazima kuondoka, kwa kuwa nafasi za chuo kikuu Afrika Mashariki zilikuwa chache mno. Hata hivyo, ulijenga picha ambayo haijafutika: kwamba kufadhiliwa ni kupanda ndege.

Kaloleni kama uwanja wa utafiti

Mtaa wa Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940 na serikali ya kikoloni kwa ajili ya Waafrika waliokuwa wakifanya kazi mjini. Uko kando ya barabara ya Jogoo, karibu na mitaa ya Makongeni na Shauri Moyo. Nyumba zake za chini zilipangwa pamoja na uwanja wa wazi, ukumbi wa jamii na huduma nyingine, kwa kufuata mtindo wa mitaa ya bustani uliokuwa ukipendwa na wapangaji wa miji wa Uingereza. Wakazi wake walitoka sehemu mbalimbali za nchi, kila mmoja na lugha yake ya mama, na Kiswahili kikawa daraja la mawasiliano baina yao.

Ukumbi wa Kaloleni una nafasi ya pekee katika historia ya Kenya. Tarehe 23 Aprili 1950, mkutano wa pamoja wa Kenya African Union na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki ulifanyika hapo, na Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akatoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wiki chache baadaye alikamatwa, na hakuachiliwa hadi 1961. Mwaka 1969 kitabu chake kuhusu historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi 1952 kilichapishwa Nairobi, na hati zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa sababu karatasi hizo zilibaki mjini, mwanafunzi wa leo anaweza kuzifikia kwa nauli ya matatu.

Kwa mwanaisimu na mhakiki wa fasihi, Kaloleni ina maswali mengi ambayo bado yanasubiri majibu. Jina lenyewe ni mfano mzuri. Kaloleni ni mji katika Kaunti ya Kilifi. Ni mtaa pia katika mji wa Arusha. Jina hilo lilisafirije, na nani waliolibeba? Aidha, mitaa ya Eastlands ndiyo inayotajwa na wataalamu kuwa kitovu cha Sheng. Je, Kiswahili kilichozungumzwa na wazazi katika vibaraza vya Kaloleni kilichangia nini katika Sheng ya watoto wao? Mahubiri, hotuba za ukumbini, matangazo ya misiba na masimulizi ya wazee kuhusu miaka ya hali ya hatari yana sanaa gani ya lugha?

Maswali haya hayawezi kungoja milele. Kwa miaka mingi kumekuwa na mipango ya kubomoa nyumba za zamani za Eastlands ili kujenga maghorofa, na Kaloleni imetajwa miongoni mwa mitaa hiyo. Ghorofa likijengwa, wapangaji hutawanyika. Wazee nao hawarudi ujana. Vibaraza vikitoweka, aina fulani ya mazungumzo hutoweka navyo.

Masharti ya kawaida ya ufadhili

Ingawa wafadhili ni wengi, masharti yao hukaribiana. Manne kati yake yanastahili kuelezwa.

Sharti la kwanza ni la muda. Ufadhili mwingi hutolewa kwa watu ambao hawajakaa sana tangu wahitimu. Newton International Fellowships za Uingereza, zilizoanzishwa mwaka 2008, ziliweka kikomo cha miaka 7 baada ya uzamivu. Mpango wa Umoja wa Ulaya unaoitwa Marie Skłodowska-Curie, katika kanuni zake za 2021, uliweka kikomo cha miaka 8 ya uzoefu wa utafiti. Katika vyuo vya Afrika Mashariki, mhadhiri anayehitimu hupewa mara moja madarasa makubwa, usimamizi wa tasnifu na kazi za utawala. Akija kupata nafasi ya kuinua kichwa, huenda miaka yake ya kuomba imekwisha. Kwa hiyo maandalizi hayana budi kuanza tasnifu ikiwa bado mezani.

Sharti la pili ni la mwenyeji na uhamaji. Mwombaji hutakiwa kuwasilisha barua ya mwanataaluma aliyekubali kumpokea. Katika mpango huo wa Ulaya, mwombaji hapaswi kuwa ameishi au kufanya kazi katika nchi ya mwenyeji kwa zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyotangulia. Kanuni hii ilikusudiwa kuwafanya watafiti wasijifungie katika chuo kimoja. Kwa mtu anayetafiti mtaa wa jirani, ina maana kwamba sharti aondoke.

Sharti la tatu ni la uraia na orodha ya nchi. Katika kanuni hizohizo za 2021, ufadhili wa kwenda Ulaya uko wazi kwa mtafiti wa taifa lolote, akiwemo Mkenya. Ufadhili wa kutoka Ulaya kwenda kukaa katika nchi nyingine, kama vile Kenya, kisha kurejea, umewekewa raia na wakazi wa muda mrefu wa nchi za Umoja wa Ulaya na nchi shirika. Kwa maneno mengine, mtafiti wa Ulaya anaweza kulipwa akae Nairobi ili aichunguze Kaloleni, ilhali mpango huohuo humlipa Mnairobi kwa kuiacha.

Orodha za nchi hutenganisha hata majirani. Mpango wa African Humanities, uliosimamiwa na Baraza la Marekani la Jumuiya za Wasomi kwa fedha za Carnegie Corporation kuanzia 2008, uliwalenga hasa wasomi wa insia waliokuwa wakifanya kazi barani Afrika. Uliwapa mwaka mmoja wa kuandika bila kufundisha, na baadaye ukaanzisha mfululizo wa vitabu vyao. Nchi zilizohusishwa zilikuwa 5: Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda. Kenya haikuwamo. Daktari wa Kiswahili wa Dar es Salaam aliweza kuomba. Mwenzake wa Nairobi, mwenye taaluma ileile na lugha ileile, hakuweza.

Sharti la nne, ambalo mara nyingi halitamkwi, ni la lugha. Pendekezo huandikwa kwa Kiingereza, husomwa na watathmini ambao wengi wao hawajui Kiswahili, na matokeo hupimwa kwa vitabu na majarida yanayotambuliwa na wafadhili. Hakuna kanuni inayokataza kuandika kwa Kiswahili. Lakini mtu hupanda mbegu ambayo soko lake analijua.

Athari kwa maarifa kuhusu Eastlands

Matokeo ya masharti haya yanaonekana katika rafu za vitabu. Utafiti wa Luise White kuhusu ukahaba katika Nairobi ya kikoloni, ambao Pumwani ina nafasi kubwa ndani yake, ulichapishwa Chicago mwaka 1990. Kitabu cha Chege Githiora kuhusu Sheng, aliyekuwa mhadhiri wa SOAS, London, kilitolewa Uingereza mwaka 2018. Kitabu cha Constance Smith kiitwacho Nairobi in the Making, ambacho kinaihusu Kaloleni yenyewe, kilitolewa Uingereza mwaka 2019. Baadaye Smith alipata ufadhili wa Future Leaders wa Uingereza katika Chuo Kikuu cha Manchester ili kuchunguza majengo marefu ya London na Nairobi.

Vitabu hivi ni hazina, na waandishi wake hawana lawama kwa kutumia nafasi walizopata. Lakini vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, vikachapishwa mbali, na bei yake haimwelekei mkazi wa mtaa unaosimuliwa. Sheria ya Kenya humtaka mtafiti awe na leseni ya NACOSTI, na masharti ya leseni humtaka awasilishe nakala ya ripoti yake ya mwisho. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, nakala iliyowasilishwa ofisini haijamfikia mzee aliyetoa masimulizi yake, wala mwanafunzi wa shule ya Kaloleni ambaye angependa kujua ukumbi anaoupita kila siku ulishuhudia nini mwaka 1950.

Pana hasara nyingine ya ndani zaidi. Mtafiti anaposikiliza masimulizi kwa Kiswahili kisha akayachapisha kwa Kiingereza, methali, mafumbo na mizaha hugeuzwa kuwa maelezo. Lugha iliyokuwa mada huwa njia tu ya kufikia mada nyingine. Mwanafasihi wa Kiswahili angeanzia pale mwanaanthropolojia anapoishia, yaani katika maneno yenyewe. Kwa hivyo kukosekana kwake katika orodha za wafadhiliwa ni pengo la kitaaluma, mbali na kuwa suala la haki.

Njia zinazoweza kufuatwa

Je, ufadhili unaweza kutolewa bila kumhamisha mtafiti? Ushahidi upo kwamba unaweza. Mpango wa African Humanities ulikwisha kuonyesha hivyo. Vilevile, mpango wa FLAIR, uliotangazwa mwaka 2018 na African Academy of Sciences yenye makao yake Nairobi kwa ushirikiano na Royal Society ya Uingereza, uliwaacha watafiti vijana wafanye kazi katika taasisi za Afrika. Ulihusu sayansi asilia pekee, lakini muundo wake ni hoja tosha ya kupelekwa mbele ya wafadhili wa insia.

Fedha za ndani nazo zimewekewa msingi wa kisheria. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti na kutaja asilimia 2 ya pato la taifa kuwa mgao wake wa kila mwaka. Kiwango hicho hakijafikiwa. Vyama vya Kiswahili vina haki ya kukikumbusha, tena kwa kudai kwamba utafiti wa lugha ya taifa na lugha rasmi uwe na fungu lake.

Wakati mageuzi hayo yakisubiriwa, mwombaji anaweza kuyatumia masharti yaliyopo kwa busara. Chukua mfano wa pendekezo juu ya masimulizi ya wazee wa Kaloleni. Pendekezo zuri halianzi kwa kusema kwamba Kiswahili ni lugha muhimu. Watathmini huona sentensi hiyo mara nyingi. Huanza na swali moja linaloweza kujibiwa, kwa mfano: wakazi waliolelewa katika lugha mbalimbali waliunda vipi mtindo mmoja wa kusimulia mtaa wao? Kisha hueleza mbinu: idadi ya wazee watakaohojiwa, idhini yao itakavyopatikana, na kanda zitakavyohifadhiwa. Hufuata ratiba na bajeti. Hapo mwombaji anaweza kuomba miezi ya maktabani kwa mwenyeji wa ng'ambo na miezi ya uwandani Nairobi, kwa kuwa wafadhili wengi hukubali safari za uwandani zikielezwa mapema.

Uchaguzi wa mwenyeji nao ni hoja. Vyuo kama Bayreuth, ambako kongamano la Kiswahili limefanyika kwa miongo kadhaa, vina wataalamu wanaoweza kuisoma kazi kwa lugha yake. Jarida la Swahili Forum hupokea makala za Kiswahili, na hivyo mwombaji anaweza kuahidi katika pendekezo lake makala moja ya Kiingereza na nyingine ya Kiswahili bila kuonekana anapunguza hadhi ya kazi.

Jambo la mwisho ni mahali pa kurudisha matokeo. Kaloleni ina maktaba yake, tawi la Maktaba ya McMillan, ambayo shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017, liliikarabati kwa makubaliano na Kaunti ya Nairobi. Pendekezo linaloahidi kuweka kanda na kijitabu cha Kiswahili katika maktaba hiyo lina faida mbili. Humpa mfadhili jibu la swali analouliza siku hizi kuhusu manufaa kwa jamii, na huwapa wakazi kitu cha kushika mkononi. Idara za Kiswahili nazo zinaweza kumwekea masharti hayohayo mtafiti mgeni anayetafuta taasisi ya kumpokea nchini: awe na mshirika wa idara, na muhtasari wa matokeo uandikwe kwa Kiswahili.

Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba ufadhili wa baada ya uzamivu ulibuniwa kwa ajili ya maabara, na kwamba masharti yake ya muda, uhamaji, uraia na lugha humweka msomi wa Kiswahili mbali na uwanja wake. Imeonyesha pia kwamba masharti hayo si amri ya mbinguni. Yamewahi kupangwa kwa namna nyingine, na yanaweza kupangwa tena. Mgeni njoo mwenyeji apone, walinena wahenga. Utafiti ni mgeni ambaye Kaloleni imempokea mara nyingi. Linalobaki ni kuhakikisha kwamba mwenyeji naye anapona, na kazi hiyo haiwezi kuachiwa wafadhili peke yao. Idara zinazofundisha uzamivu zina nafasi ya kuianza sasa, kwa kumfundisha kila mwanafunzi kuandika pendekezo lake la baada ya uzamivu kabla hajatetea tasnifu, wazee wa Kaloleni wakiwa bado wapo wa kuulizwa.